Trekta Lako ni la Mwaka Gani? Utatuzi wa Matatizo ya Namba, Injini na Vifaa vya Asili

Swali hili huanzia kwenye spea. Mtu amenunua trekta kuukuu Kwale au Kilifi, au amerithi la marehemu babake lililolala miaka chini ya mwembe, na sasa anataka kulifufua. Anampigia simu muuzaji wa Nairobi, anaulizwa, "La mwaka gani?" Anakisia. Mzigo unashuka kwa basi, na gasketi ya hedi aliyoletewa ni ya silinda tatu ilhali injini yake ina nne. Pesa zimekwenda, msimu wa kulima nao haumngoji.

Jambo la kushika kabla ya yote: trekta la zamani aghalabu lina miaka zaidi ya mmoja. Bamba lina mwaka wake, injini ina wake, dainamo wake. Kwa hiyo usimwamini shahidi mmoja. Tafuta watatu: namba ya bamba, tarehe au namba iliyo kwenye chuma chenyewe, na kifaa ambacho kiwanda kilikibadilisha mwaka unaojulikana. Wakikubaliana, mwaka umeupata. Wakipingana, soma dalili zilizo hapa chini.

Na nakuomba jambo moja kwa dhati. Usipige msasa wala kupaka rangi mpya kabla hujamaliza kusoma. Nimeona matrekta yakiletwa yanang'aa, boneti nyekundu kama mpya, na namba zote zimezikwa chini ya fila au zimelambwa na grinda. Ushahidi uliokaa miaka sitini umepotea kwa kazi ya asubuhi moja.

DALILI: BAMBA LA NAMBA HALISOMEKI, AU HALIPO

Huku kwetu Pwani sababu ya kwanza ni chumvi. Bamba ni alumini, ribiti zake ni chuma, na hewa ya bahari hula mahali metali hizo mbili zinapogusana. Utaona unga mweupe umezunguka ribiti, na tarakimu za pembeni ndizo hupotea kwanza. Sababu ya pili ni rangi iliyopakwa juu ya rangi. Ya tatu, dashibodi imebadilishwa na bamba likabaki kwenye dashibodi ya zamani. Ya mwisho, ambayo ni nadra lakini nzito, bamba limeng'olewa makusudi.

Anza na lililo rahisi. Kwenye Ferguson TE20, Ferguson 35, na Massey Ferguson 35 na 135, bamba liko kwenye dashibodi au karibu na nguzo ya usukani. Lowesha kitambaa cha pamba kwa mafuta ya taa, kibandike juu ya bamba na ukiache usiku kucha. Asubuhi futa taratibu, kisha kwangua rangi kwa kipande cha plastiki. Kadi ya zamani ya simu inatosha. Brashi ya waya iache mbali: alumini ni laini, na namba zilizogongwa juu juu zitaondoka pamoja na uchafu.

Kisha subiri giza liingie. Weka tochi ubavuni mwa bamba, mwanga uteleze juu yake badala ya kulipiga usoni. Tarakimu ambazo mchana hazikuwapo zitatupa kivuli. Paka chaki nyeupe, futa kwa kiganja. Chaki hubaki kwenye mashimo. Mahali ambapo chaki haifai, weka karatasi nyepesi na usugue kwa penseli iliyolazwa. Piga picha kila hatua, na uandike tarakimu unazozitilia shaka, kwa sababu 3 na 8 hufanana sana zikishaliwa, vivyo hivyo 1 na 7.

Kama bamba halipo kabisa, hamia kwenye chuma. Matrekta ya Ford ya kuanzia 1965 yamegongwa namba kwenye uso ulionyooshwa karibu na stata, pale injini inaposhikana na giaboksi. Hapo pana grisi ya miaka mingi iliyoshikana na vumbi. Iondoe kwa mbao iliyochongwa, si kwa patasi.

SIMAMA HAPA: ukikuta alama za grinda mahali namba ilipopaswa kuwa, au tarakimu zimegongwa ovyo, moja juu na nyingine chini, zenye ukubwa tofauti, usiendelee. Usinunue, na usikubali fundi yeyote akugongee namba "ili mambo yaende". Kuchezea namba ya chombo ni kosa la jinai nchini Kenya. Hilo ni la kupeleka polisi na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kama trekta tayari ni lako, nenda na karatasi zote ulizo nazo.

DALILI: NAMBA NINAYO, LAKINI HAIMO KWENYE ORODHA YOYOTE

Mara nyingi kabisa umesoma namba ya kipande badala ya namba ya trekta. Namba iliyoinuka, iliyosubiwa pamoja na chuma, kwa kawaida ni ya kipande. Namba ya trekta hugongwa, yaani imezama ndani. Ukiona E1ADDN imeinuka ubavuni mwa Fordson Major, hiyo ni namba ya kipande, na maelfu ya Major wenzake wanayo.

Lakini usiitupe, kwa sababu namba za vipande vya Ford zinasema mambo. Kuanzia miaka ya 1960, herufi ya kwanza huonyesha mwongo, yaani kipindi cha miaka kumi: C ni miaka ya 1960, D ni ya 1970, E ni ya 1980. Tarakimu inayofuata ni mwaka ndani ya mwongo huo, na N inayofuata ni alama ya trekta. Kipande chenye C5NN kilichorwa 1965. Zingatia kwamba huo ni mwaka wa mchoro, na kiwanda kiliweza kuendelea kukitoa kipande hicho kwa miaka mingi baadaye. Kinachowezekana kusemwa kwa hakika ni kinyume chake: kipande chenye D8NN hakikutoka kiwandani na trekta la 1968.

Sababu ya pili ni kuacha herufi za mwanzo. Kwenye Ferguson ya kijivu, herufi hizo ndizo habari yenyewe. TE20 ya mwanzo ilikuwa na injini ya petroli ya Continental. TEA20 ni petroli ya kampuni ya Standard. TED20 hutumia TVO, jamii ya mafuta ya taa. TEF20 ni ya dizeli, iliyoanza 1951. Zote zilitengenezwa Banner Lane, Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, zaidi ya 517,000. Ukimwambia muuzaji "ni Ferguson ya kijivu" hujamwambia kitu. Fordson Dexta nayo, iliyoanza 1957, hubeba 957E mwanzoni mwa namba zake za awali.

Ya tatu: umeshika orodha ya kiwanda kingine. MF 135 ilitengenezwa Coventry, ikatengenezwa Detroit, na Beauvais kule Ufaransa, kila kiwanda na mfululizo wake wa namba. Hakikisha orodha ni ya kiwanda kilichoandikwa kwenye bamba lako.

DALILI: LOGIBUKU INASEMA MWAKA HUU, BAMBA LINASEMA MWINGINE

Hili halina siri. Mwaka wa kusajiliwa si mwaka wa kuundwa. Trekta liliweza kukaa kwa wakala, au kufanya kazi ndani ya shamba kubwa bila kukanyaga barabara ya lami, ndipo likasajiliwa. Tofauti ya mwaka mmoja au miwili isikusumbue. Lakini kama logibuku ina mwaka ulio nyuma ya bamba, yaani trekta limesajiliwa kabla halijaundwa, basi ama bamba ni la trekta jingine ama karatasi ni za trekta jingine. Lipeleke NTSA likaguliwe kabla hujatoa hata shilingi.

DALILI: INJINI NA BODI HAVIKUBALIANI

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi zaidi.

Trekta la jamii ya Ferguson halina chasisi kama lori. Injini, giaboksi na difu zimefungwa pamoja, na hizo ndizo fremu. Boliti zikifunguliwa, injini nzima inatoka na nyingine inaingia. Kwa hiyo namba ya bamba na namba ya injini ni vitu viwili tofauti, na sababu ya kwanza ya kutokubaliana ni hiyo: injini ilibadilishwa zamani, pengine na mwenye shamba aliyekuwa na matrekta manne yaliyokufa na akayafanya mawili yaliyo hai. Sioni ubaya ndani yake. Ubaya ni kununua spea kwa mwaka wa bamba.

Hesabu nozeli kwanza, vile vifaa vinavyopulizia dizeli, kimoja kwa kila silinda. Hiyo ni kazi ya dakika moja, haihitaji spana. Kwenye 35 ya dizeli, nozeli nne maana yake ni injini ya Standard 23C, iliyotumika kuanzia 1956 hadi 1959. Nozeli tatu ni 3.152 ya kampuni ya injini ya Perkins, iliyoingia mwishoni mwa 1959, mwaka ambao Massey Ferguson iliinunua Perkins. Ile ya nozeli nne ilisifika kwa ugumu wa kuwaka asubuhi, ndiyo maana wengi waliing'oa na kufunga Perkins. Basi ukikuta bamba la 1958 na nozeli tatu, injini hiyo si yake, na gasketi, pistoni na pampu viagizwe kwa namba ya injini.

Kisha isome namba ya Perkins. Iko kwenye bloku, upande wa pampu ya dizeli. Injini za AD3.152, aina mojawapo ya 3.152, za kabla ya katikati ya miaka ya 1970 huanza na 152UA. Baada ya hapo mtindo ukabadilika: herufi mbili za jamii ya injini, tarakimu, herufi ya nchi, namba ya mfululizo, na mwisho herufi ya mwaka. CE ni jamii ya 3.152, LD ni 4.236, U ya katikati ni Uingereza. Herufi ya mwisho A ni 1974, B ni 1975, C ni 1976, D ni 1977, E ni 1978, F ni 1979, G ni 1980, H ni 1981, kisha I inarukwa na J ni 1982. Herufi hiyo ni moja, ndogo, na mara nyingi imefunikwa na rangi. Itafute kwa subira kwa sababu inamaliza ubishi. MF 135 ya Coventry ilikoma kabla ya 1980. 135 yenye injini inayoishia na G imebadilishiwa injini, hata muuzaji akiapa.

Ford ni rahisi zaidi ukishaijua. Karibu na stata, pamoja na namba ya trekta, kuna alama ya tarehe kama 8F12B. Tarakimu ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, herufi ni mwezi, 12 ni siku, na herufi ya mwisho ni zamu ya wafanyakazi. A ni Januari, B ni Februari, hadi H ambayo ni Agosti. I inarukwa, J ni Septemba, na M ni Desemba. Kwa hiyo 8F12 ni tarehe 12 Juni ya mwaka unaoishia na 8. Mwongo unaupata kwa modeli: Ford 3000 na 5000 zilitoka kati ya 1965 na 1975, 6600 kati ya 1975 na 1981, na 6610 ikafuata. Nane kwenye 5000 ni 1968; nane kwenye 6600 ni 1978. Tarakimu 5 kwenye Ford 5000 ndiyo pekee inayotatiza, kwani inaweza kuwa 1965 au 1975. Hapo rudi kwenye namba za vipande: ukikuta vipande kadhaa vya D kwenye giaboksi na difu, vitu ambavyo havibadilishwi kila siku, unaegemea 1975.

Tarehe iliyosubiwa kwenye bloku, giaboksi au difu hutangulia tarehe ya kuunganisha trekta. Chuma husubiwa, kikapoa, kikachongwa, ndipo kikafungwa. Bloku lenye tarehe ya miezi michache kabla ya trekta ni jambo la kawaida. Bloku lenye tarehe ya baada ya trekta limeletwa baadaye, hapana njia nyingine.

SIMAMA HAPA: ikiwa namba unayoitafuta imefichwa mahali ambapo huwezi kupaona bila kulitenganisha trekta katikati, usijaribu nyumbani kwa jeki mbili na magogo. Injini ikishaachana na giaboksi, nusu ya mbele inayumba kwenye ekseli yake na inaweza kulalia mtu. Kazi hiyo inataka vyuma vya kushikilia, sakafu ngumu, na fundi aliyewahi kuifanya. Pia, klachi na breki za matrekta haya zilitumia asbestosi. Ukifungua, usipulize vumbi kwa kompresa. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa na ukitupe.

DALILI: JINA LA BONETI HALIFANANI NA MWILI

Boneti ni bati. Hufunguliwa, huuzwa, hubadilishwa kila trekta linapogonga mti. Vibandiko vya majina navyo vinachapishwa mjini. Kwa hiyo jina la boneti ni shahidi dhaifu kuliko wote.

Kwenye MF 35 taa za mbele zimefungwa nje, ubavuni mwa boneti, na pua yake ni ya mviringo. Kwenye 135 taa zimeingia ndani ya grili, na pua ni ya mraba. Hiyo 135 ilionyeshwa mara ya kwanza Desemba 1964, kwa hiyo pua ya mraba kwenye bamba la 1961 ni ya kuvishwa.

Penye utata mkubwa ni MF 240. Kiwanda cha Millat kule Lahore, Pakistan, kimeendelea kuitengeneza kwa mtindo ule ule miaka mingi baada ya Coventry kuhamia kwenye mengine, na injini yake ni ya jamii ile ile ya 3.152. TAFE ya India nayo ilijengwa kwa ushirikiano na Massey Ferguson kuanzia 1960, na IMT ya Yugoslavia ilitoa 533 na 539 zilizotokana na Ferguson 35. Yote ni matrekta ya kazi, na mengi yake yanafanya kazi vizuri. Lakini mtu akikuuzia trekta la Lahore kwa bei ya ukumbusho wa Coventry, soma bamba, soma bloku, tafuta jina la nchi.

DALILI: CHINI YA RANGI KUNA RANGI NYINGINE

Chagua mahali pasipofikiwa na jua wala brashi: nyuma ya betri, chini ya tangi, ndani ya boneti. Safisha eneo lisilozidi sarafu ya shilingi ishirini, kwa msasa laini uliolowa maji. Lazima uwe umelowa, kwa sababu rangi za zamani zina risasi, na vumbi lake huingia mapafuni na kubaki kwenye nguo unazowarudia nazo watoto.

Kijivu kitupu ni Ferguson ya hadi 1956. Kijivu chenye injini ya rangi ya dhahabu au shaba ni Ferguson 35 ya 1956 hadi 1957. Nyekundu ilikuja mwishoni mwa 1957. Fordson Major na Dexta ni buluu na rimu za rangi ya chungwa, hadi 1963 rimu zilipogeuka kijivu. Fordson N ya Dagenham ilikuwa buluu, ikawa ya rangi ya chungwa kuanzia 1937, na kijani wakati wa vita. David Brown ya kabla ya 1965 ni nyekundu. Nyeupe na kahawia ni za baadaye.

Ukikuta manjano chini ya nyekundu usifikiri mtu alikosea rangi. Manjano ilikuwa rangi ya matrekta ya viwandani, na katika mji wa bandari kama Mombasa haishangazi kukuta trekta lililoanza maisha likivuta trela likaishia shambani Mariakani. Trekta hilo likipakwa nyekundu "ya asili", uasili wake umeondolewa.

DALILI: VIFAA VYA PEMBENI VINAONEKANA VYA JUZI

Alteneta, kiti, taa, mita ya saa, tairi: hivi usivihesabu, vyote hubadilishwa. Ila ukikuta dainamo au stata ya Lucas usiipite. Kwenye mwili wake kuna tarakimu zilizogongwa, kwa mfano 10 62, yaani Oktoba 1962. Ikiwa tarehe hiyo iko miezi michache kabla ya tarehe ya bamba, huenda kifaa hicho hakijawahi kutoka kwenye trekta hilo, na hapo una shahidi wa kweli. Shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha vifaa vya kulimia, nayo ipime: ya inchi 1⅛ ni ya TE20, ya inchi 1⅜ ni ya kuanzia 35.

Multi-Power, mfumo wa Massey Ferguson wa kubadili kila gia kati ya upande wa juu (kasi) na wa chini (polepole) kwa kifimbo, ilianza na MF 35X mwaka 1962. Ukikuta kifimbo chake kwenye trekta la 1959, giaboksi limebadilishwa. Na kama ni chako na kinafanya kazi, jua kwamba ukiwa kwenye upande wa chini injini haizuii trekta kwenye mteremko, linaserereka lenyewe. Mwenye kushuka Shimba Hills na trela la mahindi aweke upande wa juu na gia ndogo kabla hajaanza kuteremka.

SIMAMA HAPA: kabla ya kufunga betri kwenye trekta la Uingereza la miaka ya 1950, angalia ni waya gani umefungwa kwenye mwili. Mengi yalifungwa chanya, kinyume cha magari ya leo, na mengine yamegeuzwa njiani. Kukisia kunaunguza waya na dainamo. Alteneta ikiwa imeongezwa, mwite fundi wa umeme aufuate waya mmoja mmoja. Na usiwashe kwa kuunganisha stata na bisibisi ukiwa umesimama mbele ya gurudumu la nyuma. Trekta likiwa na gia litaondoka hapo hapo, na wewe uko njiani.

DALILI: MASHAHIDI WAWILI WANAKUBALIANA, WA TATU ANAKATAA

Andika yote matatu. Kwenye daftari la trekta weka: "Bamba 1967, injini 1978, difu 1967." Agiza spea za injini kwa namba ya injini, za giaboksi na difu kwa mwaka wa bodi, na umeme kwa kile unachokiona kimefungwa. Ukitaka kuuza, mwonyeshe mnunuzi maandishi hayo pamoja na picha za namba. Ukitaka kulirejesha katika hali yake ya kwanza, mpelekee wakala wa kampuni picha za bamba na za bloku, na ungoje jibu kabla ya kununua hata kopo moja la rangi.